Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, TAMISEMI na TACAIDS: tuulizeni pia kinachotokea baada ya majibu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS),
Nakala kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni washauri nasaha na wauguzi tunaotoa majibu ya VVU kwenye zahanati, vituo vya afya na kliniki za tiba na matunzo, yaani CTC. Kila robo mwaka tunaulizwa tumepima wangapi, tumeanzishia dawa wangapi, wangapi wamebaki kwenye dawa na wangapi virusi vimefubazwa, yaani dawa zimevifanya vichache mno. Hatuulizwi maisha ya watu hao na wenza wao yamekuwaje tangu siku walipopewa majibu. Na kwa kuwa hatuulizwi, jambo hilo halipangiwi muda, halipangiwi chumba, halipangiwi mtu. Tunaomba lipangiwe, na hapa chini tunaeleza kwa nini na kwa namna gani.

Kazi iliyofanyika ni kubwa na tunaitambua. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta takriban asilimia 61 ya watu wazima wenye virusi ndio wanaojua hali zao. Ule wa 2022-2023 ukakuta asilimia 82.7. Kati ya wanaojua, asilimia 97.9 wanatumia dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, na kati ya wanaotumia, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Kwa jumla utafiti huo ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wenye VVU nchini, takriban 22 bado wana virusi vingi vya kutosha kumwambukiza mwenza, na wengi wa hao 22 ni wale ambao hawajui hali zao. Kwa hiyo upimaji uendelee, hilo halina mjadala. Ila utafiti huo huo ulikadiria maambukizi mapya ya watu wazima kufikia karibu 60,000 kwa mwaka, na sehemu ya maambukizi hayo inatokea kwenye nyumba ambazo angalau mmoja ameshapita mbele ya meza yetu.

Swali la kama majibu hubadili mwenendo wa mtu limefanyiwa utafiti hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1990, Dar es Salaam, Nairobi na Port of Spain kule Trinidad zilishiriki utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2000. Watu 3,120 waliokuja mmoja mmoja, na jozi 586 za wenza, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa ushauri nasaha na kipimo, jingine elimu ya afya tu. Miezi kama 7 baadaye, ngono bila kinga na watu wasio wenza wa kudumu ilikuwa imepungua kwa asilimia 35 kwa wanaume waliopewa ushauri na kipimo, dhidi ya asilimia 13 kwa wanaume waliopewa elimu peke yake. Kwa wanawake ilikuwa 39 dhidi ya 17. Wanaume waliokutwa na virusi walipunguza kuliko waliokutwa hawana, iwe na mwenza wa nyumbani au wa nje. Wanawake waliokutwa na virusi walipunguza zaidi kwa mwenza wa nyumbani.

Kwa hiyo yale maneno ya vijiweni, kwamba mtu akishajua anao ataanza kusambaza kwa hasira, hayana msingi kwa walio wengi. Maneno hayo tumeyasikia hata kwenye vikao vya viongozi, na yanaumiza, kwa sababu mtu anayeyaamini hatamshauri ndugu yake akapime.

Ila kuna mambo mawili ndani ya ushahidi huo ambayo hatuyatendei haki.

La kwanza ni ukubwa wa mabadiliko yenyewe. Vijijini Malawi, utafiti uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba watu wenye virusi waliochukua majibu yao walikuwa na uwezekano mara 3 zaidi wa kununua kondomu kuliko wenye virusi ambao hawakuyachukua. Mara 3 inasikika vizuri kwenye taarifa. Ukiuliza walinunua ngapi, jibu ni kondomu 2 zaidi kwa wastani. Kondomu 2 haziwafikishi wanandoa mwisho wa wiki. Na waliokutwa hawana virusi hawakubadilika kabisa.

La pili ndilo linalotunyima usingizi. Mchumi mmoja alizirudia takwimu zile zile za Dar es Salaam na Nairobi, na mwaka 2015 akachapisha alichokiona. Hakutegemea kile watu walichosema kwa mdomo; aliangalia magonjwa ya zinaa mapya yaliyothibitishwa maabara. Akawagawa watu kwa walichokuwa wakikiamini kabla ya kupima. Mtu aliyejiona hayuko hatarini halafu akakutwa na virusi, uwezekano wake wa kupata ugonjwa mpya wa zinaa ulipanda zaidi ya mara 5. Mtu aliyekuwa na hofu kwamba anao, halafu akakutwa hana, uwezekano ulishuka kwa asilimia 73. Na yule ambaye majibu yalikuja kama alivyotarajia, hakubadilika.

Tafadhali litazameni hilo kwa makini. Majibu yale yale, kwenye karatasi ile ile, yanampeleka mmoja kushoto na mwingine kulia, na kinachowatenganisha ni kile alichokuwa nacho kichwani alipokaa kwenye kiti. Ni kweli waliokutwa na mshtuko huo walikuwa wachache kwenye utafiti, na wakati ule ARV zilikuwa hazijafika kwenye vituo vya umma, hivyo kuambiwa una virusi kulikuwa sawa na kuambiwa huna muda. Leo tuna dawa. Lakini mshtuko bado tunauona kila wiki, na kwenye utaratibu wetu hakuna mahali popote tunapotakiwa kuuliza, kabla hatujatoboa kidole: "Wewe mwenyewe unadhani majibu yatakujaje?"

Swali hilo halina gharama. Linachukua nusu dakika. Linaandikwa kwa herufi moja kwenye rejista: anatarajia anayo, anatarajia hana, hajui. Aliyetarajia hana na akakutwa anayo, huyo aandikiwe kurudi ndani ya siku 7 badala ya kusubiri tarehe ya kawaida, na apigiwe simu siku ya 3 kama ameridhia kupigiwa. Hili ndilo ombi letu la kwanza.

Sasa tueleze yanayotokea baada ya hapo, maana ndiko mipango inakotuacha peke yetu.

Wiki za mwanzo watu wengi huacha kabisa kukutana kimwili. Kuna fadhaa, kuna aibu, kuna hofu ya kumdhuru mwenza, na mara nyingine mwili wenyewe hauna nguvu. Ukimuuliza mtu wakati huo kama anatumia kinga, atakujibu hana haja nayo, na anasema kweli. Kisha dawa zinafanya kazi. Uzito unarudi, utando mweupe wa mdomoni unaisha, usingizi unakuja, na baada ya miezi michache hamu inarudi navyo. Hapo ndipo mazungumzo ya kinga yanapohitajika. Sisi tulishayafanya siku ya majibu, kwa dakika chache, mbele ya mtu ambaye wakati ule hakuwa anasikia hata jina lake likiitwa. Ziara zinazofuata zinakuwa za kupima uzito, kuulizwa dalili za TB, kuhesabiwa vidonge na kuondoka.

Mjamzito ana mlango wake mwingine wa kuingilia shida hii. Anapimwa hudhurio la kwanza kliniki, mara nyingi mume hajapimwa, hivyo anajua yeye kwanza. Akienda nyumbani na kusema "tutumie kondomu", ameshajieleza bila kutamka. Ndani ya ndoa kondomu inasomwa kama kukiri mchepuko, wako au wangu. Wengi wanachagua kunyamaza, wanaficha dawa kwenye kopo la unga au kwa jirani, na tendo linaendelea kama zamani. Ukimwita huyo mkaidi hujamsaidia. Anachohitaji ni mume aje kituoni, majibu yasomwe wakiwa wawili, na mshauri awepo kubeba maneno mazito. Utafiti ule wa Dar es Salaam na Nairobi ulikuta wenza waliopimwa pamoja walipunguza ngono bila kinga baina yao kuliko waliopewa elimu tu. Kwa wapenzi wa nje hakukuwa na tofauti, na hilo nalo mlijue mnapopanga.

Kabla ya kumshauri mwanamke amweleze mwenza, kuna maswali matatu ambayo hayapaswi kurukwa hata kama foleni imefika getini. Je, amewahi kukutisha kwamba atakuumiza? Je, amewahi kukupiga kofi, teke au kukusukuma? Je, amewahi kukulazimisha tendo usilolitaka? Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo linabadili mpango mzima. Kufuatilia wenza kuna njia nne: mteja amweleze mwenyewe, mtoa huduma amtafute mwenza bila kumtaja mteja, mteja apewe muda wa makubaliano na ukipita mtoa huduma aingie, au waelezwe pamoja kituoni. Shabaha za idadi ya wenza waliofikiwa zikiwa juu, mtumishi aliyechoka atachagua njia ya haraka na kuyaruka maswali matatu. Mkitudai idadi hiyo, tudaini pia na rekodi ya maswali hayo.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. "Unatumia kondomu?" ni swali ambalo jibu lake ni "ndiyo", kila siku, kwa kila mtu, kwa sababu mteja anajua unachotaka kusikia. Swali linalofanya kazi ni la tukio: "Mara ya mwisho mlipokutana ilikuwa lini? Ilikuwaje?" Halafu unyamaze. Mtu akisema ilikuwa Jumamosi, walikuwa wametoka kwenye sherehe, kondomu ilikuwa kwenye mkoba na mkoba ulikuwa sebuleni, hapo una kitu cha kufanyia kazi. Unaweza kuzungumza naye habari za pombe, habari za kuweka kinga karibu na kitanda, habari za nani anaamua. Swali la "unatumia?" halikupi hata kimoja.

Maswali ya namna hiyo hayaulizwi dirishani. Hayaulizwi kwenye benchi ambalo mteja anayefuata amekaa magoti yake yakigusa ya mwenzake. Vituo vingi chumba cha ushauri ndicho stoo, ndicho chumba cha kuchomea sindano, na pazia ndilo mlango. Mtu mzima hatakuambia habari za mpango wa kando nyuma ya pazia.

Siku ya majibu yenyewe, tunaomba mwongozo uwe mfupi. Kichwa cha mtu kinabeba mambo matatu siku hiyo, hakibebi kumi. Kwanza, umekutana na nani ndani ya siku 3 zilizopita? Hili linasahaulika kuliko yote na ndilo la haraka kuliko yote, kwa sababu mwenza asiye na virusi aliyekutana na mteja wetu ndani ya saa 72 anaweza kuanza dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, yaani PEP, na kuzinywa siku 28. Saa ya 73 mlango umefungwa. Pili, nyumbani ni salama? Ni yale maswali matatu. Tatu, leo usiku itakuwaje? Hapo anapewa kondomu mkononi na anaonyeshwa.

Kuhusu kondomu hizo tuwe wakweli. Watu wanaokutana mara 3 kwa wiki wanahitaji 12 hadi 15 kwa mwezi. Mteja anayepewa dawa za miezi 3 akatoka na pakiti moja ya kondomu amepewa kinga ya wiki moja. Tunaomba kondomu zihesabiwe pamoja na dawa, kwenye kaunta ile ile, 45 kwa miezi 3, kwa kila anayezihitaji bila kuziomba, kwa sababu kuziomba mbele ya watu ndiko kunakomshinda. Boksi lililotundikwa getini linapigwa jua mchana kutwa, na joto linaharibu mpira. Zinazopasuka, sababu zake tunazijua: mafuta ya mgando, losheni au mafuta ya nazi, ambayo hulegeza mpira ndani ya dakika chache, kufungua kwa meno, kutobana ncha hewa itoke, kuvaa mbili kwa pamoja, na kutoshika pete ya chini wakati wa kutoka. Kilainishi cha maji kinaondoa sehemu kubwa ya shida hii, na kwenye vituo vingi hakipo.

Kuhusu kipimo cha wingi wa virusi tutakaa kidogo, kwa sababu ndicho habari njema kubwa kuliko zote tulizonazo na ndicho tunachokieleza vibaya kuliko vyote. Mwaka 2000 utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha kwa wenza wenye majibu tofauti, mmoja anavyo na mwingine hana, kwamba wenye virusi chini ya nakala 1,500 kwa mililita ya damu hawakumwambukiza mwenza hata mmoja. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, uliofanyika nchi 9 ikiwemo Kenya, ulionyesha kuanza ARV mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Baadaye wenza wa Ulaya walifuatiliwa katika matendo takriban 58,000 bila kondomu, mwenye virusi akiwa kwenye dawa na virusi vimefubazwa, na hakuna maambukizi hata moja yaliyotoka kwa mwenza. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: virusi visipoonekana kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza mwenza kwa ngono ni sifuri; vikionekana lakini havizidi nakala 1,000, hatari ni karibu na sifuri.

Mteja wetu anapewa nini? Anasikia "HVL yako nzuri, endelea hivyo hivyo," yaani wingi wa virusi vyake. Au anaiona karatasi yenyewe ina herufi TND, yaani virusi havikuonekana, naye hajui maana yake. Wengine wanaelewa wamepona na kuacha dawa, na baada ya wiki chache virusi vinarudi pale pale. Wengine wanakwenda kujihakikishia kwa kipimo cha kujipima nyumbani. Hicho kinatafuta kingamwili, na kwa mtu aliye kwenye ARV kinaweza kutoa jibu la uongo kwamba hana, hivyo kinampoteza zaidi. Wengine, tena wengi, hawaambiwi kabisa kwamba hawawezi kumwambukiza mwenza kwa ngono, kwa sababu sisi watumishi tunaogopa kwamba tukisema hivyo wataacha kondomu. Hofu hiyo tunaielewa. Kondomu bado inazuia kisonono, kaswende na mimba, na hilo lisemwe pale pale. Lakini kumficha mtu ukweli unaomhusu mwili wake ni kumnyima sababu bora kuliko zote ya kunywa dawa kila siku. Maelezo kamili hayazidi sentensi nne: virusi bado vimo mwilini; dawa zimevifanya vichache mno kiasi kwamba havipiti kwa ngono; ukiacha dawa vinarudi na vinaanza kupita tena; kwa mama anayenyonyesha na kwa wanaochangia sindano sifuri hii haihesabiwi hivyo.

Kuna tatizo la ratiba pia. Damu ya kipimo hicho inachukuliwa mwezi wa 6 tangu mteja aanze dawa. Siku hiyo hiyo mteja anapewa dawa za miezi kadhaa na kwenda zake. Majibu yanarudi kutoka maabara ya mkoa wiki kadhaa baadaye, yanawekwa kwenye faili, na yanamsubiri hadi atakaporudi. Kwa hiyo mtu ambaye hawezi tena kuambukiza anakaa miezi hajui, na mtu ambaye virusi viko juu, naye anakaa miezi hajui, akiwa na mwenza. Wa pili ndiye wa hatari. Damu ichukuliwe ziara ya mwezi wa 5, ili mwezi wa 6 jibu liwe mezani na mazungumzo yafanyike kabla ya kumpa dawa za muda mrefu. Aliyezidi nakala 1,000 apigiwe simu ndani ya siku 7 tangu jibu kufika, kwa maneno yasiyotaja ugonjwa: "Tafadhali pitia kituoni kabla ya tarehe yako." Wakati wote huo, kuanzia siku ya majibu hadi virusi vifubazwe, mwenza asiye na virusi apewe PrEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi kabla ya tukio, kituo hicho hicho. Kumwelekeza kituo kingine ni kumpoteza.

Wapo pia wanaoamua kuwa na wenzao wenye hali kama yao. Wanakutana kwenye vikundi vya watu wanaoishi na VVU, yaani WAVIU, wanapendana, wanaona hakuna tena la kukinga. Tunawapongeza na tunawaambia yaliyobaki: magonjwa mengine ya zinaa yapo, na kama mmoja dawa zake zimeshindwa, virusi sugu vinaweza kuhamia kwa mwenzake. Na wanaotaka mtoto wasikatishwe tamaa. Waambiwe wasubiri virusi vifubazwe, na mwenza asiye navyo akingwe kwa PrEP ikiwa hilo halijathibitika.

Kundi tunalolitupa kabisa ni la waliokutwa hawana. Anapewa jibu, anapewa hongera, anaondoka. Tumeona juu kwamba ushahidi unasema huyu habadiliki, ila kama alikuja na hofu. Tena jibu linageuzwa cheti: mume anayesema "mke wangu amepima kliniki hana, basi na mimi sina" ni wa kila siku, wakati wenza wenye majibu tofauti ni wengi miongoni mwa wanandoa wenye VVU. Mwingine amekutana na mtu wiki iliyopita na kipimo cha haraka hakiwezi kuona maambukizi mapya hivyo. Muda wa ukimya unaweza kufika miezi 3. Na katika wiki hizo za mwanzo ndipo virusi huwa vingi mno kwenye damu na rahisi kupita. Aliyepima mara tatu kwa mwaka na kila mara ana habari ya mwenza mpya hahitaji hongera ya nne, anahitaji PrEP na nusu saa ya mazungumzo. Siku yenye thamani kwa mtu huyu ni ile aliyoingia akitetemeka akatoka hana. Asilimia 73 zile ndizo zake. Tunaomba dakika 10 zaidi siku hiyo, kabla nafuu haijafuta hofu.

Sheria nayo iangaliwe. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, kifungu cha 21, inamtaka aliyepimwa na kujua ana virusi amjulishe mwenza wake mara moja na achukue tahadhari za kutoambukiza. Kifungu cha 47 kinaweka kifungo kwa anayeambukiza kwa makusudi. Nia tunaielewa. Lakini "mara moja" ikimfikia mwanamke ambaye amejibu "ndiyo" kwenye maswali matatu, anatoa namba ya simu isiyo yake na harudi. Tumempoteza yeye, mume na mtoto aliye tumboni. Kenya, Mahakama Kuu ilikifuta mwaka 2015 kifungu cha 24 cha sheria yao kilichofanana na hicho, ikisema kilikuwa na utata hata kuhusu nani hasa anatakiwa kujulishwa. Bunge letu lilishaonyesha mwaka 2019 kwamba linaweza kuigusa sheria hii, liliporuhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kipimo hadi miaka 15. Tunaomba "mara moja" isomeke "mapema iwezekanavyo kwa usalama, kwa msaada wa mshauri", na tahadhari zinazotajwa zitambue wazi kwamba kunywa ARV hadi virusi visionekane ni tahadhari kamili.

Mwisho ni watu wa kufanya kazi hii. Washauri wengi, hasa wa ngazi ya jamii, walikuwa wakilipwa na miradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona ni kazi ipi inaanza kudondoka. Dawa zilitafutiwa njia, na ndivyo inavyostahili. Ufuatiliaji wa mazungumzo ulikuwa wa kwanza kuachwa, kwa sababu kwenye bajeti hauna mstari wake. Mshauri nasaha aingizwe kwenye ikama ya kituo, mmoja kwa kila CTC kwa kuanzia, alipwe na serikali, na asipangiwe zamu ya sindano. WAVIU wanaowashika mkono wenzao kupitia konga, yaani mitandao yao ya wilaya, wapewe posho inayoeleweka. Mtu aliyepita njia hiyo husikilizwa pale sisi tusipoweza.

Ratiba tunayoipendekeza kwa aliyekutwa na virusi ni hii: siku ya majibu, siku ya 7 kwa aliyeshtuka na ya 14 kwa wengine, mwezi wa 1, mwezi wa 3 hamu inaporudi, mwezi wa 6 jibu la wingi wa virusi likiwa mezani, kisha kila jibu la mwaka linapotoka. Dakika 15 kila mara, chumba chenye mlango. Kwenye taarifa ya robo mwaka ziongezwe safu tatu: walioulizwa matarajio kabla ya kipimo, wenza waliopewa PEP au PrEP, na walioelezwa maana ya jibu lao la wingi wa virusi ndani ya siku 30 tangu lilipotoka. Vikao vya tathmini vya wilaya vianze kuzisoma safu hizo, na mganga mkuu aulizwe zikiwa tupu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Washauri nasaha na wauguzi wa kliniki za tiba na matunzo